Kugeuza Wimbo wa Mtindo Mwingine Kuwa Dabstepu: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Remiksi

Mtu anayetengeneza remiksi yake ya kwanza ya dabstepu kwa kawaida huuchukua wimbo mzima, huuongeza kasi hadi ufikie tempo anayoitaka, kisha huubandikia ngoma nzito na besi inayonguruma. Kinachotoka ni nyimbo mbili zinazogombea nafasi moja, na msikilizaji hafaidi hata mmoja. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: unachagua kitu kimoja tu kutoka katika wimbo wa asili, kitu ambacho mtu akikisikia kwa sekunde mbili ataujua wimbo wenyewe, halafu mengine yote unayatengeneza upya. Nitaieleza kazi hiyo kuanzia uchaguzi wa wimbo hadi faili la mwisho, na nitakaa zaidi kwenye besi kwa sababu ndiko remiksi nyingi zinakofia.

Vifaa havihitaji kuwa vingi. Programu yoyote ya kutengenezea muziki, kama FL Studio, Ableton Live, Logic Pro au Reaper, inatosha, pamoja na hedifoni zinazoweza kutoa sauti za chini bila kuzipunguza. Skream, mmoja wa waasisi wa mtindo huu, alianza akiwa kijana mdogo kwa FruityLoops, programu ambayo baadaye ilibadilishwa jina kuwa FL Studio, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba bila studio ya fedha nyingi huwezi.

Mtindo wenyewe unataka nini

Dabstepu ilizaliwa kusini mwa London, hasa Croydon, mwanzoni mwa miaka ya 2000, pale vijana waliokuwa wakitengeneza UK Garage, muziki wa kudansi wa Uingereza, walipoanza kuondoa sauti za kuimba na mapambo mengi, wakabaki na ngoma chache, mwangwi waliourithi kutoka muziki wa dabu wa Jamaika, na besi ya chini sana. Tempo ilitulia kwenye mapigo 140 kwa dakika, lakini sneya, ngoma yenye mlio mkali, ikawekwa kwenye pigo la tatu la kila baa, yaani kila kundi la mapigo manne, badala ya la pili na la nne. Kwa sababu hiyo muziki husikika kana kwamba unatembea kwa mapigo 70, huku vitu vidogo vidogo vikikimbia juu yake kwa kasi ya 140. Huo ndio ufunguo wa jambo zima: mwili unaambiwa utulie wakati masikio yanaambiwa yakimbie. Mikusanyiko ya usiku ya DMZ iliyoanza Brixton, kusini mwa London, mwaka 2005 iliwaalika watu waje kuutafakari uzito wa besi, na neno kutafakari halikuwa la mzaha, kwa kuwa nafasi tupu kati ya pigo na pigo ilikuwa sehemu ya muziki kama zilivyo noti zenyewe.

Kuna remiksi mbili zinazofaa kusikilizwa kabla ya kuanza, kwa sababu zinaonyesha njia mbili zilizo mbali. Ya kwanza ni ile ambayo Skream aliufanyia wimbo wa La Roux uitwao In for the Kill mwaka 2009. Aliiacha sauti ya mwimbaji ikiwa karibu peke yake, akaweka chini yake besi nene inayotembea taratibu, na akazizuia ngoma za kasi mpaka karibu na mwisho. Ya pili ni remiksi ya Skrillex ya wimbo Cinema wa Benny Benassi, iliyopata tuzo ya Grammy ya remiksi bora mwaka 2012, ambamo sauti ya kuimba hupandisha hisia polepole kisha besi yenye mikwaruzo mikali huanguka juu ya msikilizaji kama mvua ya mawe. Ukizisikiliza kwa makini utaona kwamba, ingawa moja ni tulivu na nyingine ni ya fujo, zote mbili zimeuachia wimbo wa asili jambo moja tu, nalo ni sauti ya mwimbaji. Mimi binafsi huegemea njia ya kwanza, na upendeleo huo utaonekana katika ushauri ninaoutoa hapa.

Kuchagua wimbo, na kuomba ruhusa mapema

Wimbo unaofaa si lazima uwe wimbo unaoupenda. Unaofaa ni ule wenye mstari wa sauti unaoweza kusimama peke yake bila ala. Jaribu kuuimba mwenyewe ukiwa kimya chumbani, bila kupiga hata kidole mezani. Ikiwa kiitikio bado kinashika, wimbo huo utavumilia kuvuliwa nguo zake zote na kuvishwa nyingine. Nyimbo za roki zinazotegemea mlio wa gitaa, au za jazi ambazo utamu wake uko katika namna wapigaji wanavyojibizana, huwa ngumu zaidi, kwa sababu ukiondoa ala umeondoa wimbo. Kwa nyimbo za namna hiyo chukua sekunde nne za gitaa au tarumbeta, uzifanye kuwa ndiyo sauti ya kuimba, na uache mengine yote.

Suala la ruhusa wengi huliacha mwisho, nalo linastahili kuja mwanzo. Wimbo uliorekodiwa una haki za aina mbili: haki ya utunzi, yaani maneno na muziki, na haki ya rekodi yenyewe, ambayo mara nyingi iko mikononi mwa kampuni iliyoigharimia. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi duniani zimejiunga nao, unampa mtunzi mamlaka ya kuamua kama kazi yake igeuzwe au isigeuzwe. Hakuna kanuni inayosema kwamba sekunde chache ni za bure, wala kubadilisha kasi na kimo cha sauti hakuondoi haki za mwenyewe. Mifumo ya utambuzi kama Content ID ya YouTube hutambua rekodi nyingi hata baada ya kugeuzwa. Kwa anayeanza, njia salama ni kushiriki mashindano ya remiksi, ambamo wasanii wenyewe hutoa mafungu ya wimbo pamoja na masharti, au kutumia kazi zilizotolewa kwa leseni za Creative Commons. Zisome leseni hizo kwa makini: yenye alama ND hairuhusu kusambaza kazi iliyogeuzwa, na yenye NC huruhusu kugeuza lakini si kwa biashara. Tovuti ya ccMixter ina sauti nyingi za kuimba zilizowekwa mahsusi ili watu wazitumie.

Kuipata sauti ya kuimba ikiwa safi

Kitu bora kabisa ni stemu, yaani faili tofauti la kila sehemu ya wimbo: sauti, ngoma, besi, ala nyingine. Ukizikosa, na ukiwa na ruhusa ya kuutumia wimbo, zipo programu zinazotenganisha sauti na ala kwa kutumia akili mnemba, kama Spleeter iliyotolewa na Deezer mwaka 2019 na Demucs iliyotengenezwa na watafiti wa Facebook. Zinafanya kazi nzuri kuliko ilivyowahi kuwezekana, lakini huacha mabaki: matoazi yanayonong'ona nyuma ya herufi za s na sh, na ukungu wa majimaji katika sauti ndefu. Usihangaike kuyafuta yote. Kata sauti zote zilizo chini ya 100 Hz (yaani mitetemo 100 kwa sekunde), weka ukimya kamili katika nafasi zilizo kati ya mstari na mstari, na kumbuka kwamba mabaki mengi yatafunikwa na ngoma zako mwenyewe. Yasiyofunikwa yafichwe kwa mwangwi. Kama mstari mmoja umechafuka mno, uache. Remiksi haina wajibu wa kuimba beti zote.

Kuipeleka sauti kwenye mapigo 140

Hapa ndipo hesabu inapoingia, na ni hesabu ya darasa la chini. Kwanza tafuta tempo ya wimbo wa asili. Programu yako inaweza kuikisia, lakini wimbo uliopigwa na bendi bila kifaa cha kuhesabia mapigo hubadilika kasi njiani, hivyo itabidi utie alama mwanzoni mwa kila baa kwa mkono, kisha uiambie programu izinyooshe baa hizo zote. Kazi hii inachosha, na ukiiruka utailipia baadaye kila utakapoona neno limechelewa na usijue ni kwa nini.

Sauti ya binadamu huvumilia kunyooshwa au kubanwa kwa takribani asilimia 10 kabla ya kuanza kusikika kama mashine. Wimbo wa mapigo 128, kasi ya kawaida ya muziki wa kudansi, unahitaji kuongezwa asilimia 9 tu na ushei, kwa hiyo unaingia bila shida. Wimbo wa polepole wa mapigo 72 ni rahisi zaidi, kwa kuwa ukihesabiwa maradufu unakuwa 144, na kuuteremsha hadi 140 hakuna atakayegundua. Tatizo liko katikati, kwenye nyimbo za mapigo 95 hadi 110, ambazo ziko mbali na 140 na vilevile mbali na 70. Wengi huzilazimisha, na mwimbaji husikika kama anafukuzwa na nyuki.

Ziko njia mbili za kutokea. Ya kwanza ni kutafuta uwiano. Wimbo wa mapigo 105 una uhusiano kamili wa tatu kwa nne na 140: mapigo matatu ya zamani huchukua muda uleule wa mapigo manne mapya, na baa tatu za zamani huingia sawasawa ndani ya baa nne mpya. Wimbo wa mapigo 93 unakaribia uwiano wa mbili kwa tatu, na baa zake mbili hujaza baa tatu mpya. Ukiuacha mstari wa sauti uende kwa kasi yake ya asili juu ya ngoma za 140 utapata mvutano mtamu, ambao ngoma za kawaida haziwezi kukupa, mradi kila mstari uanze mahali pamoja na ngoma. Njia ya pili ni kukata. Kifungu cha sauti cha sekunde moja hakina haja ya kunyooshwa hata kidogo. Kiweke kianze juu ya pigo, kisha kiache kimalizike kinavyotaka. Baa moja ya mapigo 140 ina urefu wa sekunde 1.7, kwa hiyo una nafasi ya kutosha. Remiksi zangu zinazosikika vizuri zaidi zilitengenezwa kwa vipande, wala si kwa kunyoosha.

Ufunguo wa wimbo na kimo cha besi

Kabla ya kugusa besi, tambua noti ambayo wimbo umejengwa juu yake. Jambo hili lina uzito wa pekee katika dabstepu, kwa sababu besi ya chini kabisa ina chumba kidogo cha kuishi. Noti ya E ya chini hutetemeka kwa 41 Hz, F kwa 44 Hz hivi, G kwa 49 Hz na A kwa 55 Hz, na hizo zote hutoka vizuri katika spika kubwa. Lakini C ya chini iko kwenye 33 Hz, ambako spika nyingi huanza kuishiwa nguvu, na C inayofuata iko kwenye 65 Hz, ambako uzito umeshapungua. Kama wimbo umejengwa juu ya C, unaweza kuipandisha sauti ya kuimba kwa nusu toni mbili (nusu toni ni hatua ya kutoka noti moja hadi ya jirani) ili uwe juu ya D, na mabadiliko hayo madogo kwa kawaida hayamharibu mwimbaji. Ukizidisha nusu toni tatu, mtu mzima ataanza kusikika kama mtoto, jambo ambalo linaweza kufaa ukilikusudia.

Iko njia ninayoipenda zaidi. Nyimbo nyingi za furaha zimejengwa kwenye ufunguo wa meja, na kila ufunguo wa meja una pacha wake wa maina, wenye noti zilezile, anayeanzia nusu toni tatu chini. Wimbo wa C meja una noti sawa na A maina. Iache sauti kama ilivyo, kisha iweke besi ikae kwenye A badala ya C. Mwimbaji hajabadilisha hata noti moja, lakini maneno yaliyokuwa ya shangwe sasa yanasikika kama ya mtu anayekumbuka jambo lililopotea. Umebadilisha pia kimo cha besi kutoka mahali pabaya hadi 55 Hz. Usizifuate kodi zote, yaani noti zilizopigwa pamoja, ambazo mpiga gitaa alizipiga kwenye wimbo wa asili. Noti mbili au tatu za besi kwa kila baa nane zinatosha.

Ngoma

Ngoma za dabstepu hujengwa haraka, na mtu asipoteze siku nzima kwazo. Weka kiki, ngoma nzito ya chini, kwenye pigo la kwanza na sneya kwenye la tatu, kisha ongeza kiki moja au mbili kabla ya sneya, mahali pasipotarajiwa. Sneya inahitaji mwili, ambao hupatikana kwenye eneo la 200 Hz, na ncha kali juu ya 5,000 Hz. Mara nyingi hutengenezwa kwa kupanga sauti mbili juu ya nyingine, moja ikitoa mwili na nyingine ikitoa ncha. Haihati, yaani matoazi madogo ya kutunza mwendo, zisiwe zimenyooka kama za mashine. Mtindo huu ulirithi kutoka UK Garage mwendo wa kubembea, kwa hiyo zicheleweshe kidogo haihati za kati na upunguze nguvu za baadhi yake. Kama wimbo wa asili una mlio mdogo unaotambulika, kama vile kofi au mguno wa mwimbaji, ukate na uufanye sehemu ya ngoma, ili wimbo wa zamani upumue ndani ya mpya bila kuchukua nafasi.

Besi

Besi ya dabstepu ni sauti mbili zinazojifanya moja, na ukizitenganisha tangu mwanzo utaepuka nusu ya matatizo. Ya chini ni wimbi laini la sine, lisilo na mkwaruzo, lisilo na mwangwi, na lililo katikati kabisa bila upana wowote wa sterio. Kazi yake ni kusikika kifuani. Ya juu ndiyo yenye tabia: inanguruma, inazungumza, inayumba. Ikate hii ya juu ianzie kwenye 100 au 120 Hz, ili isiingie katika chumba cha mwenziwe. Zikikutana, mawimbi yao huongezana katika noti moja na kufutana katika noti nyingine, na besi huonekana kama inakohoa.

Sauti ya juu huanza na wimbi lenye meno, linaloitwa saw katika sintesaiza nyingi, yaani programu za kuunda sauti, kama Massive ya Native Instruments iliyosikika katika dabstepu nyingi, Serum ya Xfer Records, au Vital ambayo ina toleo la bure. Lipitishe wimbi hilo katika kichujio kinachozuia sauti za juu, kisha uiambie osileta ya mwendo wa polepole, iliyoandikwa LFO kwenye vifaa hivyo, ikifungue na kukifunga kichujio hicho. Kila kinapofunguka besi husema waa, na kinapofunga husema uu. Huo ndio myumbo unaoutambulisha mtindo huu kwa watu wengi, ingawa nyimbo nyingi za mwanzo hazikuwa nao kabisa.

Kasi ya kuyumba hufungwa kwenye tempo. Kwa mapigo 140, kichujio kikifunguka mara moja kwa kila pigo, hiyo ni mara 2.3 kwa sekunde; kwa kila nusu pigo, ni mara 4.7, kwa theluthi ya pigo, ni mara 7 kamili, na kwa robo ya pigo, ni mara 9.3. Kosa la kawaida ni kuchagua kasi moja na kuiacha iende wimbo mzima, kama feni. Besi nzuri hubadilisha kasi ndani ya baa moja: huanza na myumbo mmoja mrefu, ikakimbia kwa theluthi, kisha ikanyamaza. Kabla hujaandika kitu katika programu, icheze remiksi ikiwa na ngoma na sauti ya kuimba tu, halafu uimbe besi kwa mdomo wako, ujirekodi hata kwa simu. Mdomo wa binadamu hujua mahali pa kuvuta pumzi, na ukiuiga kwa LFO utapata mstari unaoongea.

Sasa iunganishe besi hiyo inayoongea na mwimbaji. Hiki ndicho kiungo ambacho bila yake hakuna remiksi, kuna besi yenye wimbo wa mtu mwingine nyuma yake. Mwimbaji akitoa mstari, besi ikae kwenye noti moja ndefu, kichujio kikiwa karibu kimefungwa. Mstari ukiisha, besi ijibu, na jibu lake lichukue mdundo wa maneno yaliyotangulia: kama kifungu kina silabi tano na ya tatu imevutwa, besi nayo iyumbe mara tano na mara ya tatu ivutwe. Msikilizaji hatajua ni kwa nini vitu viwili hivyo vimeoana. Atahisi tu kwamba besi imeyasikia maneno.

Ukishapata mlio unaokupendeza, urekodi uwe sauti ya kawaida ndani ya programu, kisha uukate, uugeuze nyuma mbele, uushushe noti, uupitishe tena katika mkwaruzo na kichujio kingine, na uurekodi mara ya pili. Milio mingi migumu ya dabstepu haikutokana na mpangilio wa ajabu wa sintesaiza moja, ilitokana na kurudia mzunguko huu mara nne au tano. Hifadhi kila hatua, kwa kuwa mara nyingi ile ya pili huwa bora kuliko ya tano.

Jambo la mwisho kuhusu besi ni simu. Spika za simu nyingi hazitoi karibu chochote chini ya 150 Hz, kwa hiyo wimbi lako la sine la 44 Hz litatoweka kabisa. Liongezee nakala iliyokwaruzwa kidogo sana, ili izae mitetemo ya 88 Hz, 132 Hz, 176 Hz na kuendelea, ambayo ile ya juu simu inaweza kuitoa. Sikio likisikia mitetemo hiyo hujazia lenyewe noti ya chini isiyokuwepo. Weka sauti ya nakala hiyo iwe ndogo mno, kiasi kwamba kwenye hedifoni ukiizima hutaona tofauti, lakini kwenye simu utaona.

Mpangilio wa wimbo

Fikiria kwa vifungu vya baa 16, ambavyo kwa mapigo 140 ni sekunde 27 kila kimoja. Baa 16 au 32 za mwanzo ziwe na ngoma nyepesi na vipande vichache vya sauti, ili DJ apate nafasi ya kuuchanganya na wimbo unaotoka. Kisha mwimbaji aingie wazi, ngoma zipungue, hisia zipande, na besi nzima ianguke karibu na sekunde ya 55, au ya 82 kama ulianza na baa 32, mahali ambapo mashabiki hupaita dropu. Baada ya baa 32 za dropu, pumzika, mrudishe mwimbaji kwa sura nyingine, halafu iangushe mara ya pili ukiwa umebadilisha angalau mdundo wa besi.

Baa ya mwisho kabla ya dropu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Usiijaze ngoma zinazoviringika na sauti zinazopanda kama ndege inayoruka; kila mtu amezisikia. Ondoa kila kitu, hata mwangwi, ubakishe neno moja la mwimbaji, lile ulilolichagua siku ya kwanza. Kiitikio chote kisiimbwe wakati wa dropu. Msikilizaji anayeujua wimbo ataumalizia kichwani mwake, na raha hiyo ya kuumalizia mwenyewe ndiyo iliyomleta kwenye remiksi badala ya wimbo wa asili.

Kusawazisha sauti

Shusha vidhibiti vyote hadi chini, kisha pandisha kwanza sneya, halafu kiki, halafu besi ya chini, na uhakikishe watatu hao wanasimama vizuri kabla ya kumleta mwimbaji. Kiki na besi ya chini hugombea sekunde ileile, kwa hiyo tumia kompresa inayoisikiliza kiki na kuishusha besi kwa muda mfupi kila kiki inapopiga. Irudi ndani ya milisekunde 100 hadi 150, la sivyo besi itasikika ikipumua kwa tabu. Mwangwi wa mwimbaji uukate chini ya 300 Hz, kwa sababu mwangwi wa sauti za chini ndio unaoleta tope. Acha nafasi ya desibeli 6 hivi juu ya kilele cha sauti kwa ajili ya umaliziaji.

Sikiliza remiksi yote ikiwa mono, yaani pande mbili za sterio zikiwa zimeunganishwa kuwa moja. Niliwahi kuimaliza kazi usiku kwa hedifoni, besi ikiwa pana na tamu ajabu, nikaipeleka kesho yake kwenye spika kubwa za ukumbi, na dropu ilipofika ikabaki sneya peke yake ikigonga ukumbini. Nilikuwa nimeitanua besi ya chini kwa sterio, na ukumbi ulikuwa umeunganishwa kwa mono, hivyo pande mbili za wimbi zikafutana. Tangu siku hiyo kila kilicho chini ya 120 Hz kwangu ni mono, bila mjadala.

Linganisha pia na wimbo wa dabstepu unaouheshimu, ukiushusha hadi ulingane na wako kwa ukubwa wa sauti, kwa kuwa sikio hudanganywa kirahisi: kinachosikika kwa nguvu zaidi hudhaniwa kuwa bora. Punguza sauti ya chumba mpaka usikie kidogo tu. Ikiwa sneya na mwimbaji bado wanasikika na besi imepotea, umekaribia mahali panapofaa, kwa maana masikio yetu huzipoteza sauti za chini kwanza sauti inaposhushwa.

Faili la mwisho

Toa faili la WAV la biti 24, kilele chake kikiwa desibeli 1 chini ya kikomo. Spotify husawazisha nyimbo kuelekea LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti unaosikika), kwa hiyo kuibana remiksi hadi ipoteze pumzi hakutaifanya isikike kubwa zaidi huko. Toleo la madijei linaweza kubanwa zaidi kidogo, lakini sneya iendelee kuruka juu ya vingine vyote. Jina la faili lianze na msanii wa asili na wimbo wake, kisha jina lako na neno remiksi, ili mwenye haki na msikilizaji wote wajue kilicho chao.

Kisha toa faili la pili ukiwa umezima mkondo wa mwimbaji, na lisikilize kutoka mwanzo hadi mwisho. Kama kazi imefanyika vizuri, utakuta dabstepu mpya kabisa yenye mashimo mahali alipokuwa akiimba, na besi inayojibu maswali ambayo hayasikiki tena. Ruhusa ikikataliwa, hilo ndilo la kuendelea nalo: tafuta mlio wako mwenyewe wa kujaza mashimo yale, ubadilishe jibu la besi lililokuwa likiiga silabi za mwimbaji, uondoe na ile miguno au makofi uliyoyakata kwa ajili ya ngoma, na utakuwa na wimbo usiodaiwa na mtu.